Mfiwa Asiyejua

Kazi ile nilipewa Jumapili baada ya ibada, jikoni mwa kanisa, nikiwa nimeinamia karai la vikombe vichafu. Wazee watatu wa kanisa waliingia pamoja na mama mchungaji nyuma yao, nikajua mara moja kuna jambo, maana wanaume wa kanisa letu hawakuwa na mazoea ya kuingia jikoni. Mmoja wao alikuwa na duka la simu pale mjini. Jana yake alikuwa amepokea simu kutoka Kigoma. Aliyepiga ni kaka wa dada niliyekuwa nikiishi naye chumba kimoja. Binti wa dada huyo, mtoto wa miaka sita aliyeachwa Uvira kwa bibi yake, alikuwa amekufa kwa kipindupindu njiani, wakikimbia vita. Walikuwa wameshamzika.

Nilikaa juu ya kreti la soda. Hakuna aliyeniambia pole, kwa sababu sikuwa mfiwa.

"Wewe ndiye mtu wake wa karibu," mzee wa duka la simu akaniambia. "Kesho saluni imefungwa. Umtoe nyumbani asubuhi, umpeleke mahali popote, afurahi kidogo, ale vizuri. Saa tisa umrudishe. Sisi tutakuwa tayari."

Kwetu habari ya kifo haitupwi usoni mwa mtu. Hapewi akiwa na njaa, hapewi akiwa peke yake, wala hapewi na aliye mdogo kwake. Kwanza watu wanakusanyika. Kitanda kinatolewa, godoro linawekwa chini, mikeka inatandikwa, chungu kinapanda motoni. Mfiwa anakuwa ameshakula bila kujua kwa nini analishwa, kwa maana akishasikia hatakula tena siku mbili tatu. Ndipo mkubwa anafungua mdomo, na mikono ya kumdaka iko tayari pande zote. Hiyo ni heshima, na nimelelewa nayo. Mchungaji wetu alikuwa safarini, arudi Jumatatu mchana. Akina mama nao walihitaji asubuhi ya kupika na ya kuwapitia watu mpaka mtaa wa Jacobs, wale waliokuwa viwandani, ili waombe ruhusa ya kutoka mapema. Kila kitu kilikuwa na sababu yake, na kila sababu ilikuwa nzuri.

"Afurahi kidogo." Maneno hayo mawili nayachukia mpaka leo. Wazee wetu, Mungu awasamehe, wana mdomo mtamu wa kuagiza, na miguu yao huwa na kazi nyingine wakati wa kutekeleza. Lakini nilikuwa na miaka ishirini na mbili na sikuwa na baba wala mama katika nchi ile. Nikasema ndiyo, nikarudi kwenye vikombe vyangu. Pembeni alikuwa amekaa mama mmoja mzee wa Burundi, akichambua mchele wa kesho. Vijana wake wawili walikuwa hawajulikani waliko tangu miaka mitatu, na kila simu ikilia dukani watu walikuwa wakimwangalia yeye. Aliinua macho akaniangalia mimi. Kisha akaendelea kutoa mawe.

Huyo dada nilimwita yaya, kama tunavyowaita kwetu dada wakubwa. Hatukuzaliwa tumbo moja. Nilifika Durban mwaka wa tisini na saba nikiwa na mfuko mmoja wa plastiki, nikakaa kwenye ngazi za saluni aliyokuwa akisukia, kwa sababu nilisikia ndani wanaongea Kiswahili na miguu ilikataa kwenda zaidi. Alitoka na kitana kichwani akaniuliza nimekula. Hakuniuliza jina. Usiku huo nililala kwenye nusu ya godoro lake, huko Glenwood, katika nyumba kuukuu iliyojaa wanafunzi wanaopiga muziki, na mwaka mmoja baadaye nilikuwa bado nalala hapo. Yeye ndiye aliyenifundisha kusuka. Mimi nilikuwa nimepitia Nairobi, kwa hiyo Kiingereza changu kilikuwa kinatembea wakati chake bado kinatambaa, nikawa mdomo wake kwa wateja, kwa mwenye nyumba, na ofisini kwenye foleni ya makaratasi. Makaratasi yenyewe yalikuwa ya mtoto. Mume alikuwa amemwacha zamani. Alichobaki nacho duniani ni yule binti, naye alikuwa amepanga kumleta Desemba.

Baba wa yaya alikuwa mpishi wa Mbelgiji mmoja mwenye shamba la kahawa, milimani juu ya Uvira, nyumba kubwa katikati ya msitu. Yaya alizaliwa nyuma ya jiko la nyumba ile. Watoto wa wafanyakazi waliruhusiwa kufika mpaka kizingiti cha jikoni, si zaidi, na mlango wa mbele waliujua kwa nje tu, kama unavyoujua uso wa mtu usiyesalimiana naye. Sasa, pale saluni palikuwa na kalenda ya zamani yenye picha ya nyumba ya tajiri wa miwa, huko ndani ya msitu, mwendo wa saa moja na kidogo kutoka mjini, ambayo siku hizi watu walikuwa wakitembelea. Kalenda ilikuwa imekwisha muda wake lakini yaya alikataa itupwe. Alikuwa akiitazama huku anasuka, anasema, "Ile nyumba nitaiingia siku moja, na nitapitia ku mlango ya mbele. Baniue tu," yaani hata wakimuua.

Kwa hiyo jioni ile ya Jumapili nilijua pa kumpeleka. Nilimwambia huku nikitazama jiko la mafuta ya taa. Kwanza alidhani namtania, kisha akapiga makofi mara moja, akaenda kupasi kitenge chake cha kijani, kile anachovaa kwenye harusi za watu. Nilitaka kumwambia usivae hicho. Ningempa sababu gani?

Asubuhi alijipaka mafuta mpaka viwiko. Mkobani aliweka leso, kanga ya ziada, Biblia ndogo, na uzi. Ule uzi naomba niueleze. Bibi wa mtoto aliutuma ndani ya barua ya mwisho, umekunjwa kwenye karatasi: urefu wa mtoto kutoka utosini hadi kisiginoni, ili mama yake ajue kumnunulia magauni. Kwetu ndivyo tunavyofanya. Umri wa mtoto unaweza kusahaulika lakini uzi haudanganyi. Yaya alitembea nao kila mahali. Dukani alikuwa akiushikisha kwenye gauni, ncha ya juu kidoleni, ananiuliza mimi, "Itamutosha?" kana kwamba nilishawahi kumwona mtoto mwenyewe.

Karibu na kituo cha taksi nilinunua mkate uliotobolewa na kujazwa mchuzi wa maharage, ule wa Wahindi wa Durban, na mapaja ya kuku, na ndizi, na chupa mbili za kinywaji. Yaya aliangalia mfuko. "Petite, mdogo wangu, tunaenda vita?" Nikamwambia huko msituni hakuna maduka.

Taksi ilituacha kwenye barabara ya lami, tukaingia njia ya changarawe kwa miguu, nusu saa nzima chini ya miti. Nakumbuka kila kitu cha njia ile na ningependa kusahau angalau nusu. Kulikuwa na unyevu na kimya. Tumbili walikuwa wakivuka juu yetu bila haraka. Yaya alisimama, akafumba macho, akavuta pumzi ndefu, akasema, "Inanuka kama kwetu." Kisha akaanza kuokota mbegu chini ya mti mmoja, mbegu ndogo nyekundu zenye jicho jeusi, akizichagua zisizo na tundu. "Mtoto atachezea," akasema. Nikainama nami nikaokota. Mtu angetuona angesema ni ndugu wawili wenye raha zao. Nilikuwa nazihesabu saa kichwani, kama mtu aliyebeba maji ya moto na bado hajaona mahali pa kuyatua.

Nyumba ilitokea ghafla, nyeupe, yenye nguzo na baraza kuzunguka pande zote. Mwongozaji alikuwa bibi mzungu mwenye miwani ya kamba, mpole, sauti ndogo. Alitukaribisha akaanza kupanda ngazi. Yaya hakupanda. Alisimama chini akiangalia ule mlango, mti mzito wenye kitasa cha shaba kinachong'aa. Halafu akapanda, akafuta viatu kwenye zulia la mlangoni mara tatu, akaingia. Ndani akageuka. Akatoka tena nje. Akaingia mara ya pili.

Bibi mzungu aliniuliza kama amesahau kitu.

"Ya kwanza ilikuwa yangu," yaya akaniambia, anacheka mpaka anajishika mbavu. "Ya pili ya papa yangu, mpishi. Ya tatu nitapita na mwanangu Desemba. Mwambie huyu mama."

Nikamwambia yule bibi kwamba anaipenda sana nyumba.

Kicheko chake kilijaa ule ukumbi wa mbao. Mwaka mzima niliokaa naye nilikuwa nimesikia anacheka kwa adabu, kwa wateja, mkono mdomoni. Hiki kilikuwa kicheko kingine, cha mtu aliyekuwepo kabla ya vita. Na mimi ndiye niliyekitoa huko kilikokuwa. Wakati ule, aibu iliyoje, nilijisikia vizuri. Kwa dakika chache nilisahau. Nalisema hilo wazi kwa sababu watu wengi wamenifariji kwamba siku ile niliteseka tangu mwanzo hadi mwisho, na si kweli. Ukumbini pale nilicheka pia.

Jikoni yeye ndiye aliyekuwa mwongozaji. Alijua mashine ya kusagia nyama, alijua pasi ya makaa, alijua mahali pa kuweka majivu. Alieleza jinsi baba yake alivyokuwa akisimama wima kando ya mlango sahani zikipita, anahesabu mifupa inayorudi ili ajue kama nyama ilipendwa. Bibi mzungu alitaka nimtafsirie yote. Nikatafsiri, na ile ilikuwa tafsiri yangu ya mwisho ya kweli siku hiyo.

Kwa maana tulipopanda ghorofani, chumba cha tatu kilikuwa na kitanda kidogo cha chuma, kimepakwa rangi nyeupe, na shuka limetandikwa bila kunjo. Kando yake viatu viwili vya mtoto, vya ngozi, vimegeukia ukutani. Kamba ilikuwa imefungwa kuzunguka ili watu wasiguse. Bibi mzungu akashusha sauti. Akasema hiki kilikuwa chumba cha binti wa mwisho wa tajiri. Akasema homa ilimchukua kitandani hapo, alikuwa na miaka sita, na mama yake aliamuru kisihamishwe kitu, na kila aliyeimiliki nyumba baada yao aliiheshimu amri ile.

Nikavitazama vile viatu.

"Anasema nini?" yaya akaniuliza.

Hakuna aliyeniagiza kusema uongo ule. Wazee waliniagiza kunyamaza, na kunyamaza nilikuwa nakuweza. Huu nilitunga mwenyewe. "Anasema kilikuwa cha binti wao wa mwisho," nikamwambia. "Akakua, akaolewa, akaenda Ulaya. Mama yake alimkumbuka sana, ndiyo maana wakakiacha hivi."

"Njo vile," yaya akasema. "Hata miye ningekiacha." Akafungua mkoba, akatoa uzi. Kabla sijamzuia alikuwa ameinama juu ya kamba, ameushika uzi ncha moja kwenye mto na ncha nyingine anaivutia chini, polepole, kwenye shuka la marehemu. Uliishia karibu kabisa na chuma cha miguuni. Akageuka kunitazama, uso wote umefunguka. "Kitanda ya kipimo hii, yaani. Ikiwa ndogo kuliko hii ataning'iniza miguu. Unaona vile amekuwa mrefu?"

Yule bibi aliniuliza anafanya nini. Nikamjibu anapima kwa ajili ya binti yake. "Ana miaka mingapi?" Sita, nikasema. Rangi ikamtoka yule mama. Akamwekea yaya mkono begani, akauacha pale muda mrefu, na yaya, aliyedhani anapendwa tu, akaupapasa mkono ule akasema asante kwa Kiingereza chake.

Tulikula nje, kwenye benchi, msitu umeanzia mgongoni mwetu. Nilimega mkate nikampa upande wenye mchuzi mwingi. Nikampa paja la kuku, nikampa na la pili. Alipopumzika nikamwambia, "Yaya, kula."

"Uko na nini leo? Unaninenepesha kama kuku wa Noeli."

"Kula tu, yaya."

Akala, ili anifurahishe. Akafuta vidole, akaegemea, akanyoosha miguu yake kwenye jua. Akasema maneno ambayo sijawahi kumsimulia mtu yeyote mpaka ninapoyaandika hapa. Akasema, "Nilikuwa nafikiri Mungu amenisahau. Leo nimeona kweli, vraiment, hajanisahau."

Pale ndipo ningeweza. Ameshiba, amekaa, mkono wangu uko karibu na wake. Aliyebaki kati yake na habari yake alikuwa mimi peke yangu. Nikafungua mdomo nikasema, "Yaya." Akanigeukia. Macho yake yalikuwa meupe, yamepumzika, kama ya mtu aliyelala vizuri. Nikamwambia, "Kuna ndizi moja imebaki."

Nimejitetea mara nyingi kwa ile ndizi. Nimesema nilikuwa mdogo, nimesema mila, nimesema angeangukia mikononi mwangu peke yangu, katikati ya msitu, na mimi sina hata maji ya kumwagia usoni. Yote hayo ni kweli. Lakini kilichonifunga mdomo ni kwamba nilipenda kumwona hivyo, na nilitaka nusu saa zaidi. Nilikuwa mwoga na nilikuwa mchoyo.

Tulirudi. Njia nzima alikuwa akisimulia mlango. Tuliposhuka Glenwood, tukavuka robot, zile taa za barabarani, tukapanda kilima, saa tisa ilikuwa imepita kidogo. Kwenye kona ya mwisho nikaanza kutembea nyuma yake. Mlangoni mwa jengo letu kulikuwa na viatu, jozi kwa jozi, mpaka kwenye ngazi, na kitanda chetu kilikuwa kimesimamishwa ukutani nje. Muziki wa wanafunzi ulikuwa umezimwa.

Yaya akasimama. Kicheko kikamtoka usoni, si kwa hofu, bali kwa adabu. "Iko msiba," akaninong'oneza. "Na sisi tunakuja tunacheka kama wendawazimu. Aibu gani." Akavua viatu akavipanga na vya wengine. Akatoa leso mkobani akajifuta mafuta ya kuku kwenye midomo, akajifunga kiunoni ile kanga ya ziada aliyokuwa ameibeba, tayari kwa kazi, kama mwanamke yeyote wa kwetu aliyekuta msiba. Akanishika mkono. "Ni nani? Hawakutuambia?" Hakungoja jibu. Akaingia.

Chumba kilikuwa kimejaa, akina mama chini, wanaume kando ya ukuta, mchungaji amekaa kwenye kiti chetu kimoja. Kila mtu aliinua macho. Na yaya alisimama katikati ya macho yote yale akiwatafuta mmoja mmoja, anamtafuta mfiwa. Akamwona yule mama mzee wa Burundi. Bila shaka alifikiri vijana wale wawili, simu zile zote. Nikaona uso wake unavunjika kwa huruma. Akapita katikati ya magoti ya watu, akapiga magoti mbele ya yule mzee, akamkumbatia kwa mikono miwili, akaanza kulia. "Pole, mama. Pole sana. Pole mama yangu."

Yule mzee alikuwa amekauka kama ukuni. Kisha akatoa sauti ambayo sijasikia nyingine ya namna ile. "Si mimi, mwanangu," akasema. "Si mimi. Ni wewe."

Kila kitu walichopanga wazee kikaharibika hapo. Mchungaji alikuwa na maneno aliyoandaa, akasimama nayo mkononi. Akina mama walikuwa wamepangwa nani ashike wapi, wakabaki wanaangaliana. Yaya alibaki amepiga magoti, machozi aliyomlilia mwenzake bado yanashuka mashavuni, anasikiliza. Mchungaji akasema. Alisema vizuri, kwa ufupi. Yaya hakupiga kelele.

"Lini?"

"Jumatano."

"Simu ilikuja lini?"

"Jumamosi," mzee wa duka la simu akasema, anatazama mkeka.

Akageuza kichwa. Nilikuwa bado mlangoni na mfuko wa mabaki mkononi. "Weye ulijua?"

"Tangu jana, yaya."

"Asubuhi ulijua," akasema. "Ku mlango ulijua. Ku kitanda ulijua." Alikuwa hanilaumu, alikuwa anahesabu tu, anairudisha siku yake kipande kwa kipande na kuitazama kila kimoja. Alipofika kwenye benchi alishika tumbo. Alitapika chakula chote nilichomlisha, pale pale, kwenye kitenge cha kijani.

Kilio kilikaa siku saba. Wahenga walisema mficha maradhi, kilio humuumbua, na mimi niliumbuliwa kila siku, kwa sababu yaya alipokea uji kutoka kwa kila mkono isipokuwa wangu. Hakunigombeza. Nikileta kikombe, alikuwa akikiweka chini kando yake, taratibu, na mama mwingine akikiinua kikombe kile kile, yaya anakunywa. Wazee walinipongeza. Mzee wa duka la simu aliniambia mbele ya watu kwamba nimekomaa. Ningeweza kumtemea mate.

Siku ya kumi hivi, tukiwa wawili tu, aliniuliza yule mama mzungu alisema nini hasa pale kitandani. Alikuwa ameshaielewa, nadhani, kwa ule mkono begani. Nikamwambia ukweli: homa, miaka sita, mama aliyekataza kitu kuhamishwa. Alisikiliza huku anakunja nguo. Akasema, "Basi mtoto wa muzungu ulimufufua. Ukamutafutia na bwana." Halafu akaendelea kukunja.

Tangu wakati huo nimeombwa mara mbili tatu kuwa mtu wa kumtoa mfiwa nyumbani. Nakataa. Mara moja nilimwambia mwanamke habari yake mlangoni kwangu, ana njaa, ana mtoto mgongoni, hakuna mkeka wala mchungaji, akaanguka akaumia goti, na watu wakasema sina malezi. Labda sina. Sijui mpaka leo kama nilimfanyia vyema kuliko nilivyomfanyia yaya, na mtu anayesema anajua namwogopa.

Yaya aliondoka kwenda Johannesburg kabla ya Desemba. Alipata saluni huko. Aliwaaga wazee wote, akamkumbatia mchungaji, akamshukuru mzee wa duka la simu kwa kubeba habari yake, na alimaanisha. Mimi nilimsindikiza mpaka kwenye basi kwa sababu mifuko ilikuwa mizito, na kwa sababu sikuweza kutomsindikiza. Kwenye foleni nikaanza kulia. Nikamwambia, "Umewasamehe wote, yaya. Mimi tu hujanisamehe."

Akanitazama sawasawa, kwa mara ya kwanza tangu siku ile. Akanifuta uso kwa ncha ya kanga yake.

"Sina hasira na weye, mdogo wangu," akasema. "Wale wote baliniona nikilia. Weye uliniona nikicheka, na mwanangu ameshakuwa ndani ya udongo. Nikikuangalia, najiona."

Akachukua mfuko wake mkononi mwangu, akapanda basi.